Bawa 'bila mfupa' lamkwama mama kooni!

Mimi mwenzio nilikuwa Geita, na yaliyonikuta huko acha nikumegee leo leo, maana nikibaki nayo rohoni nitapasuka.

Ilikuwa hivi. Mama alitoka kijijini kwetu Shinyanga, nikampokea Kahama, tukaunganisha basi hadi Geita kumwona mdogo wangu. Huyu bwana mdogo amekaa kwenye maduara ya Nyarugusu miaka sita, anashuka na tochi kichwani, anapanda na kiroba cha mawe kupeleka kwenye karasha. Mwaka jana duara la jirani lilititia. Siku hiyo hakufa mtu, lakini jamaa alipofika juu alikaa chini, akavua mabuti, akasema basi. Akauza mgao wake, akatoka na ngawira yake mkononi na wazo moja tu kichwani: kufungua kibanda cha kuku pale Katoro.

Mtaji ndio huo, hakuna mwingine. Ukikatika, anarudi shimoni. Ndiyo maana mama alifunga safari na magoti yake yale mabovu, kuja kuhakikisha kwa macho yake kama kweli mwanawe ameacha kushuka.

Sasa bwana mdogo akatoa hoja: “Kaka, kabla sijanunua hata karai, twende tukale wanakokula wenye nazo. Tukapeleleze.” Du! Mimi na upelelezi wa kwenye sahani hatujawahi kukosana. Tukaingia mgahawa mmoja wa mjini, jina nalihifadhi. Feni zinazunguka, viti vya mto, vijana wa migodini na vimwana wao wanatanua. Menyu Kizungu kitupu. Nikaona mabawa ya kawaida, vipande sita, shilingi 15,000. Chini yake, mabawa yasiyo na mfupa, vipande vinane, shilingi 18,000.

Hapo nikamwona mama. Mama amebakiwa na meno manne ya mbele, anayaita walinzi wa zamu. Kuku anampenda kufa, ila mfupa umeshamshinda. Nikajiambia leo bibi huyu atakula kuku kama binti! Nikamwagizia wale wasio na mfupa.

Vikaja vipande vyekundu vinang'aa kwa pilipili, mama akatafuna cha kwanza, cha pili, uso umefunguka. Cha tatu akanyamaza. Macho yakamtoka. Bwana mdogo akaruka kiti, akampiga mgongoni kwa kiganja, moja, mbili, tatu... likatoka lidude jeupe, lenye ncha, nusu ya njiti ya kiberiti. Mfupa!

Nikamwita kijana wa kuhudumia. Alichonijibu sijakisahau: “Mzee, si unajua kuku ana mifupa?” Nikabaki mdomo wazi. Mama, bado anafuta machozi, ndiye aliyeniokoa nisilete kasheshe. Akacheka kidogo, akasema: “Ng'wanawane, kuku asiye na mfupa ni yai.” Kisha akauokota ule mfupa, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Nikadhani anausahaulisha tu.

Lakini mimi sikutulia. Nikaomba kuongea na mpishi, nikamkuta ni kijana mstaarabu, Msukuma mwenzetu, tukasalimiana mwadila, mwadila, akanifungulia siri yote. Na siri yenyewe, msomaji, ni hii: bawa lisilo na mfupa si bawa! Ni kidari.

Usicheke. Mimi nilikuwa nimejenga picha ya mtu amekaa na kisu kidogo anachomoa mfupa kwenye kila kipapatio. Nani ana muda huo? Mpishi anachukua kidari cha broila, anakitenga na mfupa wa kifua, anakikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Analoweka kwenye maziwa mgando yenye chumvi na kitunguu saumu, saa mbili au usiku kucha, ili nyama ilainike na isikauke. Kisha anavingirisha kwenye unga wa ngano uliochanganywa na wanga wa mahindi na pilipili manga, anarudisha kwenye maziwa, anavingirisha tena. Ule unga wa pili ndio unaotoa gamba la kuvunjika mdomoni. Mafuta lazima yawe ya moto kwelikweli. Dakika nne au tano kipande kimeiva. Ndipo anatumbukiza kwenye bakuli la sosi ya pilipili, siki na siagi, anarusha juu mara mbili tatu, sahani mezani.

Na mfupa wa mama ulitoka wapi? Mpishi akanionyesha. Juu ya kidari kuna ule mfupa wa panda, umekaa kama manati ya kuwindia ndege. Ukiwa na haraka unaukata badala ya kuutoa, ncha inabaki ndani ya nyama, unga unaifunika, na hapo hakuna jicho litakaloiona. Wenye akili wanapapasa kila kipande kwa kidole kabla ya kutia unga. “Ijumaa hatupapasi, kaka,” akasema, ameinamisha kichwa. Angalau alisema ukweli.

Bawa la kweli habari yake nyingine kabisa. Unalikata kwenye viungo, unapata vipande vitatu: kile kinono kinachofanana na paja la mtoto, kile bapa chenye mifupa miwili, na ncha, ambayo inakwenda kwenye supu. Halihitaji unga. Ngozi yake ina mafuta ya kutosha, ikikaushwa vizuri kwa kitambaa na kuachwa kwenye mafuta ya moto dakika kumi na kidogo, inakauka yenyewe. Ukikuta wekundu kidogo karibu na mfupa usimfokee mpishi kwanza. Broila huchinjwa bado mtoto, mifupa yake laini inavujisha rangi hata nyama ikiwa imeiva.

Utamu? Hapa mimi siyumbi. Bawa lenye mfupa linampiga mwenzake chali. Lina ngozi kila upande, lina ile nyama ya karibu na mfupa ambayo lazima uifuate kwa meno, na linakulazimisha kula taratibu huku stori zinaendelea. Kidari kimevaa unga kinaleta ladha ya unga na sosi, basi, na kikipoa kimekwisha. Nyumbani kwetu vipapatio na shingo vilikuwa vya sisi watoto, firigisi ya baba, na hakuna aliyetuambia kwamba siku moja vipapatio vitauzwa kwenye viti vya mto.

Waliovipandisha cheo ni Wamarekani. Mwaka 1964, kwenye baa inayoitwa Anchor Bar mjini Buffalo, jimbo la New York, mama mmoja, Teressa Bellissimo, alikaanga mabawa, akayamwagia sosi ya pilipili na siagi. Kabla ya hapo bawa mara nyingi lilikuwa la supu. Mji wote ukalipuka, kisha nchi nzima. Sasa tatizo likawa hesabu: kuku ana mabawa mawili tu hata ukimbembeleza! Bawa likapanda bei, huku vidari vimejaa tele. Ndipo wajanja wakakata kidari, wakakivalisha sosi ya bawa na jina la bawa. Yaani kule kilizaliwa kuwa cha bei nafuu, kwetu kimefika kimevaa tai na sahani yake inauzwa ghali kuliko ya bawa lenyewe. Sishangai sana. Nenda bucha lolote Kahama au Shinyanga mjini: steki bei yake, mchanganyiko bei yake. Mtanzania amezoea kulipa zaidi ili asione mfupa.

Hesabu hiyo ya mabawa mawili ndiyo iliyomkosesha usingizi bwana mdogo. Usiku tulikaa na daftari. Broila mzima ananunua 8,500. Ukitoa ncha, kuku mmoja anatoa vipande vinne vya bawa. Sahani ya vipande sita inakula kuku mmoja na nusu! Sahani kumi, kuku kumi na tano, na bado una mapaja thelathini yanakuangalia. Kule Marekani wanaagiza mabawa matupu kwa maboksi. Katoro unanunua kuku na miguu yake, na wa nje usimtegemee: mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kuku kwa kuogopa mafua ya ndege, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto pale Namanga. Watu walilia.

Kesho yake tukajaribu wenyewe. Kidari cha kuku mmoja kikatoa vipande kumi na sita, sahani mbili za vipande vinane. Mapaja yakaenda kwenye chipsi kuku, shingo na mifupa ya kifua vikawa supu ya asubuhi. Hakuna kilichotupwa. Kwa mfuko, basi, kidari kinashinda, ingawa ulimi wangu unakataa.

“Sasa kaka,” akaniuliza, “niandike bawa bila mfupa kama wale?”

Nikamsimulia kisa cha Ohio. Mwaka 2016 mteja mmoja wa jimbo hilo alikula mabawa bila mfupa, mfupa ukamkwama kwenye umio, akaugua vibaya. Akaenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu kabisa ya jimbo, na Julai 2024 majaji wanne dhidi ya watatu wakamwangusha. Wakasema maneno “bila mfupa” ni aina ya upishi, si ahadi, na kwamba mlaji anatakiwa kujua kuku ana mifupa. Maneno yale yale ya kijana wa mgahawa wa Geita! Wale watatu walitaka wananchi wa baraza la mahakama ndio waamue, na mimi, kama wangeniuliza, niko na hao watatu. Ukiandika “bila mfupa” halafu mama yangu akakwamwa, usinifundishe umbile la kuku. Mlaji mwenye meno manne anaagiza kwa kuamini maandishi.

Bwana mdogo alisikiliza, hakusema kitu. Mama alikuwa amelala, au tulidhani amelala.

Kibanda kimefunguliwa wiki tatu zilizopita. Kwenye ubao ameandika kwa chokaa: VIPAPATIO, na chini yake MINOFU YA KIDARI. Neno bawa halimo, wala “bila mfupa” halimo. Jamaa wa maduara wakitoka shimoni wanataka vipapatio, wanasema minofu ni chakula cha wagonjwa, wao wanataka kitu cha kuguguna. Akina dada wa saluni na watoto wa shule ndio wanaomaliza minofu. Kila kipande anakipapasa kwa kidole kabla hakijaingia kwenye unga, nimemwona kwa macho yangu, hata foleni ikiwa ndefu na watu wanamfokea.

Siku mama anaondoka alisimama kwenye ubao wa kukatia, akafungua pindo la kanga, akatoa ule mfupa. Hakutoa hotuba. Aliuweka tu pale, akasema wabeja kwa chakula, akaenda kupanda gari. Bwana mdogo ameufunga kwa uzi kwenye msumari juu ya jiko.

Juzi nilimpigia simu. Anauza kuku kumi na moja kwa siku. Kodi, mkaa na mafuta vinadai kumi na tano ndipo abakiwe na chochote. Wenzake wa Nyarugusu wanapita kila jioni kumwambia kuna duara jipya, mawe yanaonyesha. Anawakaangia vipapatio, wanakula, wanalipa, wanaondoka.