Flashi Haijui Kwamba Huna Intaneti

Ingia katika ofisi yoyote yenye kompyuta ya mezani iliyozeeka, kuanzia Ngarambe hadi Kibiti mjini, uulize kwa nini haina kinga. Utajibiwa kwa utulivu wa mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Hii haina intaneti, bwana. Virusi vitaingilia wapi?" Mwalimu mkuu atasema hivyo, karani atasema hivyo, na hata fundi aliyeiuza atasema hivyo. Imani hii inapendwa kwa kuwa haigharimu hata shilingi. Lakini ni uongo, na wanaoumizwa nao zaidi ni hao hao wenye kompyuta kuukuu zilizo mbali na mji.

Kompyuta hiyo haina mtandao, ila ina flashi. Orodha ya watahiniwa inakwenda wilayani Utete kwa flashi. Barua imechapwa ofisini, printa haina wino, basi inapelekwa stesheneri Ikwiriri kwa flashi. Jioni flashi ile ile inarudi na singeli, kaswida na muvi zilizotafsiriwa. Mashine ya stesheneri nayo imepokea tangu asubuhi flashi za walimu, za vijana wanaotafuta kazi na CV zao, za makatibu wa vikundi na za madereva wanaojaza nyimbo za safari. Hakuna anayeuliza ipi imetoka wapi. Huo ni mtandao kamili, tena usio na mlinzi hata mmoja.

Tazama kinachotokea. Umechomeka flashi ya GB 8, ukaifungua, ukaona kitu kimoja tu: ikoni yenye jina la flashi yenyewe, na kimshale kwenye kona ya chini kushoto. Ukubwa wake ni KB 2. Lakini Windows inakuambia GB 6 zimeshatumika. Ziko wapi? Zimo humo humo, zimefichwa ndani ya folda isiyo na jina. Kimshale ndicho mtego. Ukikibofya, kinaendesha kwanza skripti yake kimyakimya, kisha kinakufungulia folda yako ili usishtuke. Unaziona faili zako, unaendelea na kazi. Tangu hapo kila flashi itakayoingia kwenye mashine hiyo itaondoka na mzigo. Hakuna intaneti iliyohusika hata kwa sekunde moja.

Kisha anaitwa fundi, naye anatoa dawa yake ya siku zote: fomati. Mwenye flashi kwa woga anakubali, na matokeo ya muhula mzima yanafutika, ilhali yalikuwemo muda wote, yamefichwa tu. Amri ya "attrib", iliyokuwepo tangu enzi za DOS, ingeyarudisha kabla chai haijapoa. Nathubutu kusema kwamba virusi vya kimshale vyenyewe havijapoteza kazi nyingi katika ofisi zetu kama zilivyopotezwa na tiba yake.

Anayedhani virusi ni watoto wa intaneti asome tarehe. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza Brain, virusi vya kwanza vya kompyuta za IBM PC kuenea duniani. Vilisafiri kwenye disketi, mikononi mwa watu, wakati hakukuwa na hata tovuti moja ulimwenguni. Mwaka 2008 flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta ya jeshi la Marekani huko Mashariki ya Kati iliingiza programu haribifu hadi kwenye mitandao ya siri, Pentagon ikapiga marufuku flashi. Mwaka 2010 ikagunduliwa Stuxnet, iliyoharibu mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz, Iran, mahali palipotengwa na intaneti kwa makusudi na kulindwa kwa bunduki.

Ukiandika habari za kinga ukaitaja Ngarambe, msomaji anakungoja umtaje Kinjikitile Ngwale. Haya, nimtaje. Mwaka 1905 alitoa hapo dawa ya maji, kwamba risasi za Wajerumani hazitampata aliyeinywa. Mwezi Agosti wakamnyonga huko Mohoro. Wasomi wetu wamekuwa wakiicheka dawa ile tangu shuleni, kisha wanakwenda ofisini na kuamini kwamba kukosa mtandao kunazuia virusi. Walau maji ya Kinjikitile yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo na wengine wengi dhidi ya adui waliyemjua. Kinga yetu hii haijatuunganisha na yeyote, na adui hatujamwona.

Tena kukosa intaneti ndiko kunakoidhoofisha kompyuta ya zamani. Microsoft iliacha kuitolea Windows XP viraka vya kawaida vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11 kwa masharti ya mtengenezaji. Lakini hata viraka vilipokuwa vinatolewa bure, mashine isiyounganishwa haikuvipata. Antivirusi yake nayo inavijua virusi vya siku ilipowekwa, basi. Mwingine atasema: kompyuta yenyewe kuukuu, nani ataihangaikia? Hakuna anayeihangaikia. Mbu naye hamuulizi mtu cheo kabla ya kumng'ata.

Halafu hiyo "haina intaneti" yenyewe si kweli. Siku moja kuna fomu inahitaji programu ya kufungulia PDF. Karani anawasha hotspoti ya simu, "mara moja tu", anafika kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya kupakua, vinne vya uongo. Anabonyeza Next, Next, Next bila kusoma. Kesho yake kivinjari kimebadilisha ukurasa wa mwanzo, na pembeni kila wakati kunachomoza tangazo linalodai mashine ina virusi, lipia usafishiwe. Hizo ni programu za matangazo. Wengi wanazichukulia kama usumbufu tu, lakini zinapakua picha na video nyuma ya mgongo wako, na anayelipia bando hilo ni karani huyo huyo kutoka mfukoni mwake. Akimwita fundi, atawekewa antivirusi ya wizi iliyovunjwa ufunguo, ambayo mara nyingi inakuja na virusi vyake.

La kufanya si ghali. Iambie Windows ionyeshe faili zilizofichwa, pamoja na zile za mfumo, ili kimshale kisikudanganye. Fungua akaunti ya kawaida ya kazi za kila siku, ile ya msimamizi ifungwe kwa nywila. Kama mashine ina antivirusi ya Microsoft, orodha mpya ya virusi hupakuliwa bure kwenye kompyuta nyingine iliyo safi na kuletwa kama faili. Ndiyo, kwa flashi, ila flashi ya kazi hiyo peke yake. Mashine yenye RAM ya GB 4 inaweza kuwekwa Linux Mint, na ile skripti ya kimshale, iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, haitafanya kitu humo. Barua isiyo na siri igeuze kuwa PDF, ihamishie kwenye simu, itume stesheneri kwa WhatsApp, flashi ibaki mfukoni. Wenye imani ya "haina intaneti" hawatapenda kusikia kwamba hapo njia ya mtandao ndiyo salama zaidi. Orodha za wanafunzi na wagonjwa usizitume hivyo. Hizo zichapwe ofisini, hata kama itabidi wino uombwe kwa barua tatu.

Na halmashauri, zikipata fedha za kusafisha kompyuta, huanza na zile zenye namba za serikali ubavuni. Ningepewa mimi fedha za kusafisha moja tu kati ya Ngarambe na Kibiti, ningeiacha ya shule, ya kata na ya zahanati, nikaenda kwenye ile ya stesheneri karibu na stendi. Ningeiwekea Linux, ningemfundisha yule dada anayechapa kufungua flashi ya mteja bila kubofya vimshale, na ningemlipa mwenye duka kwa siku atakayofunga kunisubiri.