Kipimo cha Bwawa Kiwe Chombo cha Mfanyakazi



Sisi watunza mabwawa ya kuogelea wa Kampala na Entebbe hatutajwi mara nyingi. Mgeni huja, huogelea, hujianika juani, kisha huenda zake. Hajui kwamba alfajiri kulikuwa na mtu aliyeinama ukingoni na kichupa cha kupimia, wala hajui ni nani aliyebeba ndoo ya klorini ya unga huku pua imezibwa kwa kitambaa. Lakini siku macho ya mtoto wa mgeni yanapowasha, sisi hutafutwa mara moja.

Mwaka huu wachache wetu tulichangishana fedha tukajitengenezea chombo cha kupima maji ya bwawa usiku na mchana na kupeleka hesabu zake kwenye simu kwa njia ya intaneti. Kina kibao kidogo cha elektroniki cha aina ya ESP32, kijiti cha kupima pH, kijiti cha pili cha kupima nguvu ya klorini katika maji kwa milivolti, na kipimajoto kisichoingiza maji. Vyote tumevitia katika boksi la plastiki na tunavilisha kwa betri, maana umeme wa volti 240 na maji ya bwawa havikai nyumba moja. Vijiti tumevifunga kwenye bomba, baada ya chujio na kabla ya mahali dawa inapoingia, ili vipime maji yaliyotoka bwawani na si dawa yenyewe.

Kwa nini tulijisumbua? Kwa sababu klorini peke yake haitoshi kulinda mtu. Maji yakiwa na pH 7.5, karibu nusu ya klorini iliyomo ndiyo yenye nguvu ya kuua vijidudu. pH ikipanda hadi 8, inabaki kama robo tu. Ndiyo maana tunashika baina ya 7.2 na 7.8. Msimamizi asiyejua jambo hili huona maji yamechafuka akaamuru, "Ongezeni klorini!" Tunaongeza, tunavuta vumbi lake, na maji hayatengenei. Hata ile harufu kali ambayo wageni huidhani ni ya klorini nyingi, mara nyingi hutoka kwa klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Mfanyakazi mwenye hesabu sahihi mkononi hutumia dawa kidogo, na mapafu yake hupona.

Basi tulipokionyesha chombo chetu kwa wakubwa wa hoteli moja, walifurahi kupita tulivyotazamia. Lakini hawakutuuliza maji yako namna gani. Swali lao la kwanza lilikuwa hili: "Kwa hiyo sasa bwawa linataka watu wangapi?" Siku chache baadaye ukaja mpango: chombo kiunganishwe na pampu za dawa, klorini na asidi zijimwage zenyewe, na katika watu watatu wa zamu abaki mmoja.

Ndugu, mpango huo tumeukataa, na tunataka kila mwanachama ajue sababu zetu.

Kwanza, ni hatari. Klorini na asidi zikikutana hutoa hewa ya sumu. Katika bomba, maji yanayokwenda kwa kasi ndiyo yanayozitenga. Pampu kubwa ikisimama, kwa umeme kukatika au kwa sababu nyingine, na pampu ndogo za dawa zikaendelea kwa betri au kwa waya mwingine, dawa hizo mbili hukutana bombani. Maji yakirudi, sumu hutokea bwawani katikati ya waogeleaji. Ajali za namna hii zimekwisha kutokea katika nchi nyingi. Mitambo ya kiwandani huwekewa kizuizi cha kufunga dawa mara maji yanaposimama. Boksi letu la plastiki halina kizuizi hicho. Tulilitengeneza lipime na kusema, hatukulitengeneza limwage.

Pili, chombo hudanganya kikiachwa peke yake. Badiliko zima la pH moja ni kama milivolti 59 tu; uchafu kidogo au waya uliolegea unatosha kupotosha hesabu. Kijiti kikikauka huharibika. Ni lazima kioshwe, kilinganishwe mara kwa mara na maji maalumu ya pH 4 na pH 7, na kikitolewa kazini kihifadhiwe katika maji ya chumvi ya potasiamu. Kijiti cha milivolti nacho hakihesabu klorini. Huonyesha nguvu yake tu, na bwawa lililotiwa dawa ya kuikinga klorini na jua husomeka chini. Kwa hiyo kichupa cha asubuhi hakijastaafu. Nani atafanya kazi hizi zote, ikiwa watu wawili wamekwisha pewa barua?

Tatu, kuna swali la nani anashika hesabu. Hesabu zikienda kwenye simu ya meneja peke yake, zitakuwa fimbo ya kutuchapia: "Saa nane usiku pH ilipanda, ulikuwa wapi?" Zikiwa wazi kwa wote, zitakuwa ushahidi. Zitaonyesha siku tuliyoomba klorini tukaambiwa ghala ni tupu. Zitaonyesha bwawa lilifunguliwa kwa amri ya nani wakati maji hayafai.

Hatupingi mitambo. Chombo hiki ni mtoto wetu wenyewe, na tutawafundisha wenzetu wa Jinja na Mbarara wakitaka. Tunachodai ni haya. Chombo kipime, mtu aamue na mtu amwage. Hesabu zisomwe na wafanyakazi na wasimamizi kwa pamoja. Anayeshika klorini na asidi apewe miwani, glavu na kinyago cha kufaa, maana kitambaa si kinyago. Na asiondolewe mtu kazini kwa sababu ya chombo alichokitengeneza kwa fedha yake.

Madai haya si ya ajabu. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Mkataba wa 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi ana haki ya kuelezwa kemikali anayoishika ni nini na ina madhara gani. Na mwaka 2022 Shirika hilo liliuweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi.

Tunawaomba viongozi wa matawi walijadili jambo hili kabla waajiri hawajatuletea mitambo yao wenyewe, kwani itakuja. Ikitukuta tumekwisha patana masharti, itatusaidia kazi. Ikitukuta tumelala, itatuhesabu sisi badala ya kuyapima maji.