Kabla ya Kuacha Kazi Ukauze Bima

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima Tanzania Bara iliachiwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya mwaka 1996 iliyafungulia mlango makampuni ya watu binafsi, na leo mawakala hutafutwa hata miongoni mwa wasiopata kuuza kitu.

Wewe unayetaka kuacha kiwanda au ofisi, fikiri kwanza. Wakala hana budi kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Tena, mara nyingi hulipwa kamisheni, wala si mshahara: asiyeuza hali. Basi weka akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi kadhaa, na ushauriane na mwenzi wako kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Wateja wa kwanza huwa ni jamaa na majirani. Waeleze yale ambayo bima haitayalipa, kama unavyowaeleza yale itakayoyalipa. Nyumba ya jirani ikiungua, naye akakosa fidia kwa sharti ulilomficha, kamisheni utakuwa umekwisha kuila, lakini mtaa mtaendelea kuishi mmoja.