Kapigwa Laki Tisa na "Babu wa Sumbawanga": Mnaocheka Ndio Mnaomlinda Babu

Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki hii. Dada mmoja wa Dar, muuza vipodozi, analia huku anatukana. Mganga aliyeahidi kumrudishia mpenzi ndani ya siku 3 kala laki tisa, mpenzi hajarudi, na sasa simu haipokelewi. Mjini watu hawana mbavu.

Kucheka kidogo sio dhambi, maana stori yenyewe ina vituko vyake. Mwanaume kamuacha kwenye mataa baada ya miaka minne. Dada kaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme: mpenzi kurudi, nyota kusafishwa, mali iliyopotea kuonekana, malipo baada ya mafanikio. Kapiga. Ikapokea sauti ya kizee, inakohoa, inamuita "mjukuu wangu". Naye kwa adabu zote akasema, "Shikamoo babu." Hapo ndipo hela ilipoanza kutoka.

Elfu 30 ya kupigia ramli. Laki na elfu 80 ya kondoo mweusi. Laki na elfu 20 ya ubani na mafuta. Kisha babu akasema mizimu imegoma, inataka laki mbili na nusu. Kisha laki tatu na elfu 20 ya kafara ya mwisho: "Kazi imefika mlangoni mjukuu wangu, ukiacha sasa itakugeukia wewe." Hiyo ya mwisho dada aliichota kwenye kikoba, ambako yeye ndiye mweka hazina.

Dalili zilikuwepo. Kwenye muamala lilitokea jina la mwanamke. Alipouliza, akaambiwa ni mjukuu anayemshikia babu simu. Babu alidai yuko porini Sumbawanga, lakini nyuma ya voisi zake anasikika konda anaita "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto!" Siku ya tatu ilipofika, jamaa hakurudi. Aliposti picha anamvisha pete mwanamke mwingine.

Dada kapiga simu kwa hasira. Jibu likawa: "Umevunja sharti. Kuna mtu umemwambia." Na kweli, alimwambia shoga yake mmoja.

Hapo ndipo pa kutulia. Sharti la kwanza la hawa waganga wa kwenye nguzo ni usimwambie mtu. Wengi wanadhani ni sharti la dawa, kumbe ni sharti la biashara. Ukimwambia dada yako, atauliza ni kondoo gani wa laki na elfu 80 ambaye hukumuona hata kwato. Ukimwambia rafiki, atauliza konda wa Gongo la Mboto kafuata nini Sumbawanga. Utapeli huu hauhimili maswali mawili ya mtu aliyetulia. Kwa hiyo anatafutwa mtu aliyechanganyikiwa, halafu anafungiwa peke yake na maumivu yake. Dawa ikigoma, sharti hilohilo ndilo kisingizio, maana nani anaachwa, analia wiki nzima, halafu asimwambie hata mtu mmoja?

Siri ikiisha kazi, inafuata aibu. Mapema kabisa babu aliomba picha mbili za bila nguo, "za kufukizia". Dada aliposema anaenda polisi, akaambiwa picha zitawafikia wateja wake wote. Akaona bora ajianike mwenyewe kabla hajaanikwa. Ndiyo hiyo voisi inayochekwa.

Sasa, kila anayeandika "umeyataka mwenyewe" anamfanyia babu kazi bure. Kuna mwingine saa hizi katuma elfu 30 na anasoma hizo komenti. Anajifunza kitu kimoja tu: akilizwa, anyamaze. Hicho ndicho babu anachotaka.

Na wanaume wacheke taratibu. Pete za bahati, mafuta ya kupandishwa cheo, dawa ya kufanya mkeka utiki, hivyo vyote vina wateja wenye ndevu. Tofauti ni kwamba wao hawatumi voisi, wanakufa nayo moyoni.

Lakini dada naye ana lake la kuambiwa, tena kwa upendo. Malalamiko yake ni kwamba dawa haikufanya kazi. Je, ingefanya? Jamaa angerudi sio kwa sababu anampenda, bali kwa sababu kafungwa kama mbuzi kwenye mti. Kila siku angekuwa anamuangalia usoni akijiuliza kama anayecheka naye ni mtu au ni kondoo mweusi. Laki tisa inauma, ila kilichomuuma kwanza ni kuachwa, na hicho hakina kafara. Kinaisha kwa muda, kwa mashoga wa kweli, na kwa kufuta namba.

Hili lisigeuzwe kuwa vita na tiba asili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga. Mganga wa kweli wa mitishamba ana kijiji, ana nyumba, ana majirani, na dawa yake ikikudhuru unajua mlango wa kugonga. Hata 2011, watu walipomiminika Samunge kule Loliondo, kikombe kilikuwa shilingi 500 na mzee mwenyewe alionekana kwa macho. Kiliponya au hakikuponya, hiyo ni mada nyingine. Huyu wa kwenye nguzo ana namba ya simu tu.

Hata hiyo namba sio ya kupuuza. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, muamala una jina, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Meseji zisifutwe, voisi zitunzwe, risiti za miamala zipelekwe polisi, hata kama anayezipeleka ameinamisha kichwa. Na wenzake wa kikoba waambiwe ukweli leo, kabla ya siku ya kugawana, maana hilo deni ndilo litakalomfuata kuliko mizimu yoyote.

Kwa wengine wote, kama unaye shoga au mshkaji aliyeachwa hivi karibuni na siku hizi anaomba omba vihela bila kusema vya nini, muulize leo. Muulize kwa upole, usimcheke.

Wewe je, umewahi kuambiwa "tuma ya mwisho, kazi imefika mlangoni"? Funguka hapo chini, hata bila jina.