Nyoka Chini ya Miguu ya Mama



Likizo iliyopita, nyumbani Newala, niliona vinyago vya mpingo vya marehemu mjomba wangu vikichomwa moto. Ndugu walisema kinyago cha shetani humwita shetani. Mimi, mwanafunzi wa falsafa, nilinyamaza. Leo naandika nilichopaswa kukisema siku ile.

Edgar Allan Poe, Mmarekani, aliandika mwaka 1842 hadithi fupi ya kutisha kuhusu Kifo Chekundu. Tauni inaua watu, naye mtawala Prospero anajifungia ndani na marafiki elfu moja, wanacheza na kunywa. Poe hahubiri juu ya ubinafsi. Anatuchorea vyumba: cha buluu, zambarau, kijani, chungwa, cheupe, urujuani, na cha saba cheusi, chenye vioo vyekundu kama damu. Wachache tu wanathubutu kukikanyaga. Macho yanaelewa kabla ya akili: kifo kimo humo humo ndani, hakikubaki nje ya geti.

Wachongaji wetu wa Kimakonde wanafanya kazi hiyohiyo. Tazama mashetani ya George Lilanga (1934–2005), mwana wa kusini: masikio makubwa, midomo wazi, vurugu tupu. Ukiyatazama vizuri, unajiona mwenyewe. Lilanga alikulia kisanaa katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa na mtawa, Sista Jean Pruitt. Mtawa yule hakuyachoma.

Aristotle alifundisha kwamba hata kitu kinachotuchukiza tukikiona, picha yake sahihi hutufurahisha, kwa sababu tunajifunza. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anasema sura ni nzuri ikiwakilisha kikamilifu hata kitu kibaya.

Najua wapo wanaotumia vinyago kwa ramli na uchawi. Hilo ni kosa dhidi ya Amri ya Kwanza, nami sitetei. Lakini kosa hapo ni la moyo na matumizi, si la mti. Mjomba alichonga ili auze, akanunulia watoto madaftari, mimi nikiwamo.

Wapendwa, parokia nyingi zina sanamu ya Mama Bikira Maria akimkanyaga nyoka. Hakuna aliyewahi kudai nyoka yule akatwe achomwe. Tunamhitaji pale, tujue Mama amekanyaga nini.

Mjomba, nisamehe. Nilipaswa kusema.