Wakazi wa utumbo nao wanahitaji kulishwa



Kuna kauli iliyozoeleka majumbani mwetu isemayo kuwa tumbo ni nyumba ya maradhi. Wanazuoni wa hadithi wameeleza kuwa maneno hayo si ya Mtume (s.a.w.), bali hunasibishwa na al-Harith bin Kalada, tabibu mashuhuri wa Waarabu wa zama hizo. Hata hivyo, kulifananisha tumbo na nyumba ni jambo lenye maana. Sayansi ya leo imebainisha kuwa nyumba hiyo ina wakazi wengi mno, na kwamba afya ya mwenye nyumba hutegemea kwa kiasi kikubwa namna anavyowalisha. Wiki hii tuwatazame wakazi hao, chakula chao, na jinsi familia inavyoweza kuwahudumia kwa vyakula vinavyopatikana katika masoko yetu.

Wakazi tunaowazungumzia ni bakteria, matrilioni kwa matrilioni, na wengi wao huishi katika utumbo mpana. Tunapokula, utumbo mwembamba husaga na kufyonza sukari, protini na mafuta. Lakini ziko sehemu za nafaka, kunde, mboga na matunda ambazo mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja. Hizo ndizo nyuzinyuzi, au makapi-mlo. Kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa ni takataka inayopita tu. Kumbe zinapofika katika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutengeneza asidi nyepesi, mojawapo ikiwa butireti. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo huo hupata sehemu kubwa ya nishati yao kutokana na butireti hiyo.

Hapa ndipo ilipo hatari ya mlo usio na nyuzinyuzi. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonesha kuwa bakteria waliokoseshwa chakula chao hugeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuanza kuula. Ute ukipungua, vijidudu vya maradhi hupata njia. Basi mkazi aliyeachwa na njaa huanza kubomoa kuta za nyumba anamoishi.

Mwaka 1995 wataalamu wawili, Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, walikipa chakula hicho cha bakteria wema jina la prebiotiki. Msomaji asichanganye neno hili na probiotiki, ambazo ni bakteria hai wenye manufaa wanaoingia mwilini kwa chakula au dawa. Probiotiki ni mgeni anayekaribishwa. Prebiotiki ni chakula cha wenyeji waliokwishakuwamo.

Prebiotiki ya kwanza ya mwanadamu haiuzwi dukani. Maziwa ya mama yana aina nyingi za sukari ambazo mtoto mchanga hawezi kuzisaga. Sukari hizo huwalisha bakteria wema wa utumbo wake, hasa wale waitwao bifidobakteria. Qur'ani, katika Suratul Baqarah aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na Shirika la Afya Duniani nalo linahimiza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, pamoja na vyakula vingine baada ya miezi sita. Mama anayenyonyesha, kwa hiyo, anamlisha mwanawe na pia anawalisha wakazi wapya wa utumbo wake.

Je, mlo huweza kubadili hali ya utumbo kwa kasi gani? Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kwa wiki mbili makundi hayo yalibadilishana milo. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 hivi za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55, na mafuta yao yakapunguzwa. Waafrika walishushwa kutoka gramu 66 hivi hadi 12, na mafuta yao yakaongezwa. Katika muda huo mfupi, butireti iliongezeka zaidi ya maradufu kwa Wamarekani na kupungua kwa nusu kwa Waafrika. Dalili za ndani ya utumbo zinazohusishwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana zilipungua kwa kundi la kwanza na kuongezeka kwa la pili.

Karibu zaidi nasi, mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya njema. Baadhi ya wanakijiji walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kisasa wa vyakula vya kukaanga na vilivyosindikwa, na baadhi ya watu wa mjini wakahamishiwa kwenye mlo wa asili wa nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga za majani. Waliouacha mlo wa asili, viashiria vya uvimbe wa ndani viliongezeka katika damu yao. Waliourejea, vilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Ni kweli kuwa utafiti huo ulikuwa mfupi, tena haukuwahusisha wanawake. Hata hivyo unatuonesha kwamba tunachokiacha si umaskini wa jikoni, bali ni kinga.

Sasa tugeukie polifenoli. Hizi ni kemikali za mimea zinazoipa zambarau rangi yake, chai ukakasi wake na karafuu sehemu ya ukali wake. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi katika utumbo mwembamba. Hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huzivunja kuwa viambata vidogo vinavyoweza kuingia katika damu. Mfano ni komamanga, tunda lililotajwa katika Qur'ani. Bakteria hugeuza polifenoli zake kuwa viambata viitwavyo urolithini, lakini si kila mtu ana bakteria wa kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana tunda moja huweza kuwanufaisha watu wawili kwa viwango tofauti. Ushahidi wa manufaa ya polifenoli kwa binadamu bado haujafikia nguvu ya ule wa nyuzinyuzi, hivyo tujihadhari na wauzaji wa vidonge na unga wenye ahadi nyingi. Tunda lenyewe, likiliwa na nyuzinyuzi zake, linatosha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate walau gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 21. Kuanzia miaka 10, kiwango ni kama cha mtu mzima. Familia inaweza kufika huko kwa hatua chache.

Kwanza, turejee nafaka zisizokobolewa: dona badala ya sembe, na uji wa ulezi au mtama. Mahindi ya dona yawe makavu na safi, kwani yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Pili, maharage, kunde, choroko au mbaazi zisikose mezani siku nyingi za wiki. Tatu, vitunguu maji na vitunguu saumu vitumike kwa wingi, kwa kuwa vina inulini, prebiotiki inayofahamika sana. Nne, ndizi mbichi za kupika zina wanga usiosagika kwa urahisi, nao huwafikia bakteria. Tano, mtoto apewe embe, pera au chungwa zima badala ya juisi iliyochujwa.

Tuitazame pia meza ya futari. Magimbi, mihogo, kunde na tende ni miongoni mwa vyakula bora kwa wakazi wa utumbo. Kinachoiharibu meza hiyo ni sukari nyingi katika vinywaji na wingi wa vitu vya kukaanga. Tukivipunguza hivyo, mlo wa Ramadhani unaweza kuwa kielelezo cha mlo wa mwaka mzima. Mwenye kisukari azingatie idadi ya tende, kwani pamoja na nyuzinyuzi zake zina sukari nyingi.

Yapo mambo ya kuchunga. Asiyezoea nyuzinyuzi aziongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji ya kutosha, la sivyo atajaa gesi. Maharage yalowekwe usiku na maji yake yamwagwe kabla ya kupikwa. Hilo hupunguza gesi. Polifenoli za chai huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma yatokanayo na mimea, kwa hiyo mjamzito na mwenye upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na chakula. Wasubiri walau saa moja. Mgonjwa wa figo amuulize daktari wake kabla ya kubadili mlo. Na mwenye kuona damu katika haja kubwa, au anayepungua uzito bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, asijitibu kwa chakula. Aende hospitali mapema.

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi dona na kunde vimegeuka chakula cha kuonewa haya, kisichowekwa mbele ya mgeni. Watoto huona na kujifunza kudharau. Mzazi akivila kwa furaha mbele yao, atakuwa amewaachia urithi utakaowafaa kwa miaka mingi.

Tukutane juma lijalo, in shaa Allah. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.