Wana Mji Kasoro Bahari, Tutoke Asubuhi Tunyooshe Viungo

Ndugu zangu wa Morogoro, wa Kilakala na Bigwa, wa Mji Mpya, Mwembesongo na Kihonda, nanyi mlioko juu Choma, Mgeta na Kinole, nawaomba mnisikilize katika jambo moja linalohusu miili yetu na roho zetu. Tuna Uluguru mgongoni mwa mji. Tuna hewa ya asubuhi ambayo wageni hulipa nauli waje kuivuta. Tuna ngoma, zikri, kwaya na mchakamchaka. Pamoja na hayo yote, wengi wetu tunaamka na maumivu ya mgongo, tunalala na mawazo, na presha tunapimwa kwa mara ya kwanza siku tulipoanguka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Hao ni majirani zetu.

Ombi langu ni hili: kila mtaa uwe na asubuhi moja katika wiki ambapo watu watakutana uwanjani na kuusogeza mwili taratibu, kwa pumzi iliyotulia na kwa nia, kila mmoja na imani yake moyoni.

Nasisitiza nia kwa sababu sisi si wageni wa mazoezi ya namna hii. Waliowahi kusimama katika zikri ya tarika ya Qadiriyya wanajua ninachosema. Tarika hiyo ilipata nguvu Unguja katika miaka ya 1880 kupitia Sheikh Uways wa Barawa, na Bagamoyo ikawa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa hapa chini ya mlima, kwenye mji wa Simbamwene, na dini nayo ikapanda bara kwa njia hizo hizo za biashara.

Tazama zikri yenyewe kwa karibu. Watu wanasimama duara, bega kwa bega, khalifa anayeiongoza akiwa katikati. Mwanzo ni polepole: magoti yanalegea, kiwiliwili kinainama kidogo mbele na kuinuka, na jina la Mwenyezi Mungu linatoka pamoja na pumzi. Mwendo unaongezeka, maneno yanapungua, mpaka husikii neno tena ila pumzi nzito kutoka vifuani, wote kwa mkupuo mmoja. Kisha khalifa anaanza kuishusha. Sauti inapungua, miguu inatulia, duara inabaki kimya kidogo, na dua inasomwa. Mimi hapo pa kushusha ndipo ninapopapenda kuliko pote. Khalifa anayeijua kazi yake hawaachi watu juu, anawarudisha salama ndani ya miili yao.

Upande wa kanisani ni vivyo hivyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Morogoro mwaka 1882, na leo ukiingia misa ya Jumapili utaona wanakwaya wakisogea kwa hatua moja na akina mama wakicheza huku wamebeba vipaji kuelekea altareni. Nyumbani bibi anashika rozari, anavuta punje moja moja, midomo ikitembea. Hata huyo bibi anafanya zoezi, na wataalamu wamelipima. Mwaka 2001 daktari Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pia wakirudia maneno ya ibada yanayotumika katika yoga. Kwa sala zote mbili pumzi ilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mwili ukawa hodari zaidi katika kurekebisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Kisa chake kinaeleweka. Ukitoa pumzi polepole, mapigo ya moyo yanapungua kidogo, na ukivuta yanaongezeka. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo ukapita moyoni hadi tumboni, nao ndio unaobeba amri ya kutulia. Pumzi ndefu inaupa nafasi ya kufanya kazi. Misuli ya mabega inaachia, damu inafika kwa urahisi kwenye viganja, na ndiyo maana watu wengi wakimaliza wanasema wamesikia joto mikononi au nguvu ikipanda mgongoni. Siwabishii. Wanachokisikia wamekisikia kweli, na mwenye imani ana haki ya kuona humo mkono wa Mungu.

Lakini tuambiane na upande wa pili. Mtu akipumua kwa kasi na kwa nguvu kwa muda mrefu, anatoa hewa ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi ya midomo na vidole, pengine mikono kukakamaa. Wapo wanaoiona hali hiyo wakadhani ni jini limepanda, na wapo wanaoitumia kuwatoza wenzao fedha. Zoezi la taratibu halihitaji mtu aanguke ndipo lihesabike limefanya kazi. Ukisikia kichwa kinazunguka, kaa chini, pumua kawaida, mwambie jirani yako. Na yeyote atakayekwambia uache dawa za presha au za sukari kwa sababu umeanza mazoezi ya roho, muepuke. Mazoezi yanasaidiana na dawa, na uamuzi wa kupunguza dozi ni wa daktari wako.

Wazee wetu nawaombea nafasi ya mbele uwanjani. Mzee akianguka bafuni akavunjika nyonga, nyumba nzima inasimama: binti anaacha biashara yake, wajukuu wanapokezana hospitali. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi ya kujenga mizani ya mwili na ya miondoko ya kila siku hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo, na taichi ya Wachina, ile ya mwendo wa pole, kwa karibu moja ya tano. Hatuna ulazima wa kujifunza taichi. Kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika bega la mwenzio, kuhamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto kwa mdundo wa ngoma ndogo, kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu: hayo yanatosha kuanzia. Bibi aliyecheza ngoma ujanani anayajua tayari. Mpeni nafasi awafundishe vijana.

Watazameni pia akina mama wanaoshuka kutoka milimani na mizigo ya mboga na ndizi kichwani kuja mjini, Soko la Chifu Kingalu. Shingo imenyooka, mgongo umenyooka, kisigino kinagusa jiwe kwa uangalifu kabla uzito haujafuata. Umakini huo wa mwili kijana anayeshinda kainamia simu hana kabisa. Ila ni kazi ngumu inayochosha, na sitaki niipambe kana kwamba ni starehe. Wao wanahitaji asubuhi ya kunyoosha viungo kuliko sisi wa mjini, na wanahitaji zaidi barabara itakayowapunguzia mzigo.

Vikundi vya jogging, ninyi mmetangulia. Mnakimbia mkiimba, yule wa mbele anatoa wimbo, wa nyuma wanaitika, kama tulivyokimbia mchakamchaka shuleni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kuwapima wapiga makasia wa chuo hicho wakaona kwamba baada ya kuvuta pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko baada ya kila mmoja kuvuta peke yake, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Sisi tuliokimbia mchakamchaka hatukuhitaji kusoma hilo kitabuni. Ninachowaomba ni kwamba mkimaliza kukimbia msitawanyike. Bakini robo saa, mnyooshe viungo, mpumue kwa utulivu, na muwaite wale wasioweza kukimbia waingie katika sehemu hiyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kupanda kutoka mjini hadi Morningside, huko juu Uluguru, na kurudi kunakula sehemu kubwa ya dakika hizo. Ukipanda, panda polepole, pumua kwa pua, simama Choma usalimiane na watu, na takataka zako shuka nazo. Msitu ulio juu ni hifadhi, na maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanaanzia katika milima hii. Anayetafuta utulivu mlimani asiwaachie wengine chupa za plastiki.

Wenyeviti wa mitaa, viwanja vya wazi visiuzwe. Masheikh, mapadri na wachungaji, watangazieni waumini wenu, na pale akina mama wanapohitaji saa yao peke yao, wapeni. Walimu, rudisheni mchakamchaka pale ulipofifia. Wauguzi wa zahanati zetu, mkiweza njooni na mashine ya kupimia presha, kwa maana watu watakuwa wamekusanyika tayari.

Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku ya kuanzia tunayo. Jumamosi ya pili inayokuja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, toka nyumbani kwako na kanga au mkeka, mshike mkono mzee mmoja wa jirani, nendeni kwenye uwanja ulio karibu. Mkikuta watu watatu tu, anzeni.